Sura ya Saba: Mwalimu wa Ng'ambo ya Songwe

Shangazi Felista hakupiga hodi. Aliusukuma mlango wa chumba cha Esnath kama mtu anayeingia jikoni kwake mwenyewe, akakung'uta mwavuli kizingitini, akakiendea kiti pekee kilichokuwemo. Kiti kilikuwa na madaftari ya darasa la nne. Aliyahamishia kitandani, akakaa.

"Shikamoo, shangazi," Esnath alisema.

"Marahaba. Ila mimi ni shangazi yake Ambwene. Wewe niite mama tu, inatosha."

"Karibu chai, mama."

"Sikuja kunywa chai."

Hapo Esnath akajua kuna jambo. Tukuyu ile, asubuhi ya mvua, mtu mzima hakatai chai ya moto hivihivi. Aliirudisha chupa mezani, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono yake mapajani. Miezi mitano tangu avuke mpaka wa Songwe kutoka Malawi na begi moja na cheti cha ualimu, alikuwa ameshajifunza kuzisoma sura za watu wa huku, na sura ya mama huyu ilikuwa imefungwa kabisa.

"Jana tulikaa kikao nyumbani kwa kaka, kule Masoko," shangazi alianza. "Habari yako na Ambwene tumeizungumza, tumeimaliza."

"Mmeimalizaje, na mimi sikuulizwa?"

"Anaulizwa mtu mwenye kwao."

"Kwetu ni Karonga, mama. Ni hapo tu. Nikitoka hapa asubuhi, mchana nakula kwa mama yangu."

"Hapo tu pana daraja, pana askari, pana muhuri wa pasipoti. Siku umemkasirikia mume, umebeba watoto umevuka, sisi tukakudai kwa nani? Kijana wetu aanze kulala mpakani?" Shangazi alitikisa kichwa. "Shule imekuleta ufundishe Kiingereza. Fundisha, Mungu akubariki. Mkataba ukiisha, urudi salama."

Swali lilikuwa moja tu, na alilihofia.

"Na mzee, baba yake, alisemaje?"

Shangazi Felista akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kaka alisikiliza watu wote mpaka mwisho. Alipoulizwa, alisema maneno matatu. *Mimi bado nasoma.* Akanyanyuka, akaenda kulala. Umeelewa?"

Esnath aliitazama chupa ya chai.

"Basi nikufafanulie, maana wewe ni mgeni. Huku kwetu mkamwana haonani na baba wa mumewe. Hakai naye chini ya bati moja, hamtazami usoni, hasemi naye. Wakikutana njiani, mkamwana anajifunika, anaingia migombani mpaka mzee apite. Agness, mke wa kaka yake Ambwene, ana mwaka wa tisa pale uani na hajui baba mkwe wake ana meno mangapi. Mjini wameanza kulegeza. Kwa kaka, bado. Sasa angalia: leo Jumamosi kaka atakuja darasani kwako. Atakaa benchi la mbele, atakupa mkono, mtatazamana, mtaulizana na kujibizana saa mbili nzima. Na wiki ijayo, na nyingine. Mwanamke anayetazamana hivyo na mzee Anyelwisye hawezi kuwa mke wa mwanawe. Wala hatuhitaji kukufukuza. Darasa lako lenyewe linakukataa." Alinyanyuka, akachukua mwavuli. "Na leo nitakuwepo, nijionee kwa macho yangu."

Akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi.

Lakini shangazi Felista, pamoja na ujanja wake wote, alikuwa amefanya kosa ambalo lingefanywa na mtu wa huku Rungwe tu. Alikuwa amemfundisha mwalimu somo ambalo mwalimu alilijua tangu hajaota meno ya juu. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Rungwe ni ndugu, wakizungumza wanaelewana, na mambo ya ukwe wanayo yaleyale. Bibi yake Esnath aliwahi kuruka mtaro na ndoo ya maji kichwani ili asikutane na mkwe wake, akavunja kifundo cha mguu, na mpaka leo anasimulia kwa fahari. Shangazi angeuliza tu, angeambiwa. Hakuuliza, kwa sababu kwake mtu akishakuwa na pasipoti basi hajui kitu.

Esnath aliosha vikombe viwili ambavyo hakuna aliyevinywea. Hasira ilimjia polepole, kuanzia miguuni. Hakuwa na hasira na mzee. Hapo ndipo palipouma.

Maana mzee Anyelwisye ndiye aliyemfanya awe mwalimu. Wiki yake ya pili shuleni, kikundi cha wakulima wa kahawa na parachichi cha Masoko kiliomba mtu wa kuwafundisha Kiingereza Jumamosi. Walimu wenyeji wote walikuwa na misiba na harusi, kwa hiyo mzigo ukamwangukia mgeni. Alijiandaa kwa watu arobaini. Akakesha anaandika kadi za maneno. Alipofika kwenye ghala la zamani la kahawa, alimkuta mtu mmoja tu, mzee mrefu mwenye koti la suti na mabuti ya mvua, amekaa benchi la mbele na daftari jipya.

Alingoja nusu saa. Hakuja mwingine. Akaanza kukusanya kadi zake huku machozi yakimlenga.

"Unakwenda wapi?" mzee alimuuliza.

"Hakuna wanafunzi, baba."

"Mimi si mtu?" Kiswahili chake kilikuwa na mikato ya Kinyakyusa, kila "z" ikigeuka "s" na kila "r" ikigeuka "l". "Fundisha. Wanunusi wa palachichi wakija hapa wanasungumsa wao kwa wao, mimi nimekaa kama gunia. Nataka Kiingelesa cha kubishana. Cha kuomba sikitaki."

Alifundisha saa mbili, mwanafunzi mmoja, kwa sauti ya watu arobaini. Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na watu sita. Baada ya mwezi walikuwa ishirini na watatu. Na siku moja ya mvua kubwa, mwanawe wa pili, Ambwene, alikuja kumchukua kwa pikipiki, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika, akamwangalia mwalimu, akasahau amemfuata nani. Hayo mengine msomaji unayajua.

*

Saa saba mchana Ambwene alikuja kumchukua, kama kila Jumamosi. Hakuzima pikipiki. Esnath akapanda, akamshika kiunoni, wakateremka barabara ya Masoko. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umelala juu ya mashamba. Kilomita kadhaa mbele Ambwene akasimamisha pikipiki kando ya migomba, akashuka, akavua kofia ngumu.

Alikuwa hajalala. Macho yake, yale yaliyokuwa na uvivu mtamu wa mtu asiye na haraka na dunia, yalikuwa mekundu.

"Shangazi amekuja kwako."

"Amekuja."

"Esi, twende Mbeya." Alikuwa ameshayapanga maneno, yakatoka kwa mkupuo. "Jumatatu. Nina rafiki Uyole ana chumba. Tutakaa pale, nitatafuta kazi kwenye vitalu vya miche vya huko. Mwaka mmoja tu. Wakimwona mjukuu watanyamaza, wote wananyamazaga."

"Unataka unitoroshe?"

"Nataka tuwe pamoja."

"Ambwene, nitazame." Alimshika kidevu, akamgeuzia kwake. "Mimi nimeingia nchi hii mlangoni. Nimesimama foleni, nimegongewa muhuri. Kwenu utaniingiza dirishani? Mtoto wangu azaliwe huko Uyole, watu waseme ni wa yule wa Malawi aliyekimbia na kijana wa watu? Sitaki. Nakataa kabisa."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Ulisemaje jana kwenye kikao?"

Ambwene akatazama chini.

"Ulisemaje?"

"Nilinyamaza."

Lile neno lilimchoma. Esnath aliachia kidevu, akarudi nyuma hatua mbili. Mama mmoja alipita na mkungu wa ndizi kichwani, akawasalimia, wakamwitikia wote wawili kwa heshima, wakangoja apotelee konani.

"Ulinyamaza," Esnath alisema. "Shangazi yako anasema natoka ng'ambo, wewe uko palepale, umenyamaza."

"Sikumnyamazia shangazi! Nilimnyamazia baba." Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Hujamwona Ijumaa jioni, Esi. Anapiga pasi koti mwenyewe. Hamruhusu mtu. Ana miaka sitini na nane, amelima tangu mtoto, ana mabuti na jembe, basi. Hiki ndicho kitu chake cha kwanza. Aliposema bado nasoma, nilimwangalia, nikaona hakuwa anakukataa wewe. Alikuwa anaomba. Na mimi nimwambie nini? Baba, acha shule, mimi nataka kuoa? Ningeanzaje?"

Hasira ya Esnath ilikosa pa kukaa. Alimjua yule mzee. Alijua jinsi anavyolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, na jinsi anavyocheka mwenyewe akipatia. Kama Ambwene angethubutu kumwambia baba yake maneno yale, labda asingempenda.

"Unanipenda?" aliuliza.

"Unaniuliza hilo?"

"Nakuuliza."

Ambwene alimwonyesha vidole vyake, vina udongo kwenye kucha. "Wiki hii nimebebesha miche ishirini ya parachichi, kuunga aina bora juu ya shina la kienyeji. Yote nimepachika vikonyo kichwa chini. Miaka sita kwenye kazi hii, sijawahi. Vijana kitaluni wananicheka mpaka leo. Nakupenda mpaka naharibu mali."

Esnath alicheka bila kutaka, na akicheka machozi yakamtoka. Ambwene alimvuta, akamkumbatia palepale barabarani mchana kweupe, kitu ambacho hakijawahi kufanywa na mtu wa ukoo wake, na akambusu kwenye paji la uso, kisha pale penyewe. Esnath alisikia moyo wa mtu huyu ukimgonga kifuani. Aliwaza: mimi huyu simwachi. Si kwa shangazi, si kwa kikao, wala kwa daraja la Songwe.

"Twende, nitachelewa," alisema, akijifuta. "Nishushe, uende kitaluni kwako. Leo usikae karibu."

"Utafanya nini?"

"Nitafundisha."

*

Ghala lilikuwa limejaa. Shangazi Felista alikuwa ameshapata kiti chake dirishani, mwavuli magotini, ameketi kama msimamizi wa mtihani. Wanafunzi walimwangalia kwa pembe ya jicho. Habari za kikao zilikuwa zimefika Masoko nzima kabla ya chai, na Rukia, muuza vitenge aliyekuwa akija kusoma ili aelewane na watalii wa ziwani, alimnong'oneza mwalimu alipopita: "Pole mwaya. Jikaze."

Mzee Anyelwisye ndiye alikuwa hajafika. Haijawahi kutokea. Esnath aliandika tarehe ubaoni, akaandika kichwa cha somo, akakifuta, akakiandika tena. Alijua anachotaka kufanya, na alijua bei yake. Mzee akimkataa mbele ya watu wale, hakuna darasa litakalomheshimu tena, na Jumatatu atakuwa kwenye basi la kwenda mpakani Kasumulu na begi lake. Akimkubali, atakuwa amempoteza vilevile. Hakuna njia ambayo leo angeondoka na mwanafunzi wake.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Alikuwa amevaa koti lake, limenyooka. Alivua kofia, akaikung'uta. Kisha, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miezi mitano, alitembea moja kwa moja kuelekea ubaoni na mkono wake ameunyoosha, tayari kutoa salamu ya Kiingereza ambayo alikuwa ameirudia njia nzima kutoka nyumbani.

Esnath alimtazama. Alijiruhusu kumtazama vizuri, mara hii moja, zile mvi za kidevuni, lile pengo la jino, yale macho ya mtu mzima mwenye hamu ya mtoto. Alitaka kuyahifadhi. Kisha akaweka chaki chini, akafungua kitenge kiunoni, akajitanda kichwani mpaka usoni, akamgeuzia mgongo. Alitembea hadi kwenye kona, akapiga magoti, akaukabili ukuta.

Hakuna mtu mle ndani, Mkristo kwa Mwislamu, aliyehitaji kuelezwa.

"Gwe, wewe!" Shangazi Felista aliruka, kiti kikaanguka. "Huyu binti hajaposwa! Hakuna mshenga aliyetumwa, hakuna chochote! Nani amemruhusu? Kaka, mwite. Mwite jina lake, ageuke, haya yaishe!"

Esnath alifumba macho. Akiitwa jina lake na sauti ile, basi amekwisha. Ukuta ulinuka chokaa na kahawa ya zamani. Magoti yalimuuma kwenye sakafu na hakuyasogeza. Akajiambia: aniite asiniite, sigeuki.

Mvua ilianza tena juu ya bati. Mtu wa nyuma akakohoa.

"Lukia," hatimaye mzee alisema.

"Abee, mzee."

"Hapo pembeni kuna nani?"

Rukia alibabaika. "Ni... ni mwalimu, mzee."

"Mwalimu namjua. Mwalimu wangu ananitasama machoni, nikikosea ananikatalia mbele sa watu. Huyu aliyejifunika ni nani?"

Rukia alimwangalia shangazi Felista, akamwangalia mwalimu ukutani. Alikuwa mwanamke wa biashara, anajua kuna siku mtu lazima achague upande.

"Ni mkamwana wako, mzee."

"Amefundishwa na nani kufanya hivi?"

"Sijui, mzee. Muulize mwenyewe."

Na mzee Anyelwisye akasema, polepole, kila mtu asikie:

"Siwesi kumuulisa."

Basi. Yalikuwa yamekwisha. Baba mkwe tu ndiye asiyeweza kumuuliza mwanamke jambo akiwa hatua tatu kutoka kwake. Shangazi Felista akainama kuokota kiti. Ukutani, chini ya kitenge, Esnath aliuma kidole ili asitoe sauti.

"Mwambie," mzee aliendelea, na sauti yake ikawa si imara tena, "mwambie nimesoma miesi mitano, nimesoma visuli. Jana niliuliswa nikasema bado nasoma. Nilisema kweli. Sikutaka kuacha." Aliikunja kofia mikononi. "Mwambie nimeacha shule kwa ajili yake. Kwa hiyo na yeye asije akatuacha, nikakosa vyote viwili."

"Amesikia, mzee," Rukia alisema, akilia waziwazi.

"Najua amesikia. Wewe mwambie."

Rukia akamwambia, neno kwa neno, huku wote wakisikiliza kama vile ni mara ya kwanza.

Esnath alisikia mabuti yakigeuka. Hayakwenda mlango wa mbele, ambako angempitia karibu. Yalizunguka mbali, nyuma ya mabenchi yote, mpaka mlango wa uani ambao kwa kawaida haufunguliwi. Komeo likagoma, likakubali. Alitamani kugeuka amwone hata mgongo wake. Alitamani kumwambia ndaga fijo, asante sana, wewe ndiye uliyenifanya mtu. Hakugeuka. Kumheshimu yule mzee sasa kulikuwa ni kukaa vilevile, na akakaa, mpaka mlango ulipofungwa.

Alipoinuka, shangazi Felista alikuwa amesimama mbele yake. Wanawake wale wawili walitazamana.

"Nani alikufundisha?" shangazi aliuliza.

"Bibi yangu. Karonga."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Hukuniuliza."

Shangazi alimkagua kuanzia magoti yenye vumbi hadi kitenge kichwani. "Umetuweza," alisema. Haikuwa sifa, lakini haikuwa tusi. "Utatusumbua sana kwenye ukoo huu."

"Sana, shangazi."

Mama yule hakumrekebisha. Alitoka mvuani bila kukumbuka kufungua mwavuli, na mlangoni akakaribia kugongana na Ambwene aliyekuwa akija mbio, miguu mitupu imejaa tope la kitaluni.

"Esi!" Alikuwa anahema. "Nimekutana na baba kwenye mashamba ya kahawa. Analia. Tulipomzika mama yake, hakulia. Nimemuuliza kuna nini, ananiambia niende nikavae viatu, mwanaume anayeoa hatembei peku. Umemfanya nini?"

Esnath alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mtu mmoja na ukamcheka kwa ajili ya mwingine, na hakujaribu kuutuliza.

"Nimeshaolewa, Ambwene," alimwambia. "Umebaki wewe tu. Vaa viatu, katafute mshenga, avuke akaonane na baba yangu. Na safari hii ukikaa kwenye kikao, useme."

"Leo?"

"Leo. Mimi siwezi kukusindikiza, nina watu ishirini na wawili hapa wananisubiri."

Akamfungia mlango, akaokota chaki, akageukia darasa.